Mruko wa chura: Mfunze mwanao kuvuka migongo bila kuumiza shingo

JE, mzazi, siku ya michezo shuleni inapokaribia, wewe humwandaa vipi mwanao? Wengi wetu humnunulia raba mpya, tukapiga pasi fulana yake, tukafunga chapati na soda kikapuni, kisha tukajiona tumemaliza. Mazoezi tunamwachia mwalimu, naye mwalimu ana watoto hamsini na mpira mmoja. Siku inawadia. Kipenga kinalia, watoto sita wanainama mstarini kwa mbio za kurukana migongoni, na yule wa nyuma anapojaribu kumvuka mwenzake wa kwanza, anamkalia shingoni, puu! Wote wawili wanabiringika vumbini. Umati unaangua kicheko, na pengine wewe pia unacheka. Lakini aliyekuwa chini hacheki. Ameshika shingo.

Ni kwa ajili ya huyo wa chini makala haya yameandikwa.

Mchezo wenyewe ni mwepesi kueleza. Mtoto mmoja anainama, mwenzake anakuja mbio, anaweka viganja viwili mgongoni mwake, anatanua miguu na kumvuka. Si mchezo wa jana wala juzi. Mchoraji Pieter Bruegel aliuweka katika picha yake ya mwaka 1560 inayoonyesha watoto wakicheza michezo zaidi ya 80. Mwaka 1991, wanafunzi 14 wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani walirukana kwa zamu zaidi ya kilomita 1,600, kazi iliyowachukua saa 244 na ushei. Hiyo ni safari ya kutoka Mombasa hadi Kampala, na ukifika huko bado una mamia ya kilomita za kuruka! Mwanao hadaiwi hayo. Yeye anadaiwa mita kama ishirini tu za uwanja wa shule, lakini azivuke vyema.

Hapa kwetu, hata hivyo, jina la chura lina doa. Mtu mzima aliyesoma miaka ile ya kiboko akisikia "ruka chura" hafikirii mchezo. Anafikiria kichurachura, ile adhabu ya kuchuchumaa na kurukaruka kuzunguka uwanja huku mikono imeshika masikio, mwalimu wa zamu akihesabu mizunguko. Kenya ilipiga marufuku kiboko shuleni mwaka 2001, lakini kichurachura kimekuwa kigumu kufa. Maoni yangu ni kwamba mwalimu anayetumia zoezi la mwili kama adhabu anajiharibia kazi mwenyewe. Leo unamrusha mtoto kwa sababu amechelewa, kesho unataka aruke kwa furaha ili nyumba yake ipate kombe. Atawezaje kujua tofauti?

Somo kutoka kwa wacheza ngoma

Kwa nini Machakos? Mji huu uko chini ya vilima vya Iveti, mwendo wa kilomita kama sitini hivi kutoka Nairobi. Unaiacha barabara kuu ya Mombasa pale Kyumvi. Jina lake limetokana na mzee Masaku, na ulikuwa mji kabla Nairobi haijawa chochote ila kinamasi. Wakazi wake wengi ni Wakamba, na ukitaja Wakamba na ngoma kwa pamoja, Mkenya yeyote anajua unachozungumzia: filimbi inalia, ngoma zinapigwa, na vijana wanajirusha hewani, wanapinduka na kutua kwa miguu yao kana kwamba ardhi ni godoro. Ikiwa hujapata kufika Ukambani kujionea, basi peleka watoto Bomas of Kenya, kituo kilichoanzishwa na serikali mwaka 1971 kuhifadhi ngoma kama hizo.

Sisemi kwamba mtoto wa Machakos huzaliwa akiruka. Hakuna azaliwaye hivyo. Ila ukimkalisha mwanao mbele ya wacheza ngoma hao, mwambie asitazame wanavyopaa. Atazame wanavyotua. Atagundua kwamba hawatui kwa visigino, na wala miguu yao haikakamai. Vidole na nyayo za mbele hugusa kwanza, magoti yanakunjika, kiuno kinashuka kidogo, kisha mwili wote unainuka tena kama mpira. Mtoto akilishika hilo tu, nusu ya kazi imefanyika.

Chura mwenyewe si mwalimu mzuri katika jambo hili. Yeye hutua kwa miguu ya mbele, nayo imeumbwa kwa kazi hiyo. Mtoto wa binadamu akitua kwa mikono, ni kifundo cha mkono kinacholipa.

Anayeinama ana kazi kubwa zaidi

Katika shule nyingi, mwalimu humfundisha anayeruka na kumwacha anayeinama ajifanyie apendavyo. Huo ndio mwanzo wa majeraha. Anayeinama si gogo. Ni mchezaji, na kwangu mimi yeye ndiye muhimu zaidi.

Basi wewe mwanafunzi unayesoma, simama sasa hivi ujaribu. Tenganisha miguu kwa upana wa mabega, mmoja ukiwa mbele kidogo ya mwingine ili usisukumike kwa urahisi. Kunja magoti kiasi. Inama kutoka kiunoni, kisha egemeza viganja juu ya mapaja, karibu na magoti, mikono ikiwa imenyooka na kukaza kama nguzo. Usivishike vifundo vya miguu kama wafanyavyo wengi, maana hapo huna nguzo yoyote, na mwenzako akikuegemea utaanguka kichwa mbele. Mgongo uwe bapa kama meza. Sasa la mwisho, ambalo si la mzaha: kidevu kiguse kifua. Kichwa kiingie ndani kama cha kobe. Kichwa kilichoinuka kutazama "anakuja au bado?" ndicho kinachopigwa goti.

Baada ya hapo, tulia. Usiinuke mpaka usikie miguu ya mwenzako imegusa ardhi mbele yako. Wapo watoto watundu ambao hujiinua kidogo wakati mwenzao yuko hewani, eti kumtania. Mweleze mwanao kisa cha Sydney. Katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2000, kifaa cha kurukia kwenye mashindano ya sarakasi ya wanawake kiliwekwa chini ya kimo chake kwa sentimita 5. Sentimita tano tu, urefu wa kidole gumba! Wasichana hodari kuliko wote duniani, waliokuwa wameruka kifaa hicho maelfu ya mara, walianguka mmoja baada ya mwingine hadi kosa lilipogunduliwa. Ikiwa hao walishindwa, itakuwaje kwa mtoto wa gredi ya nne ambaye mgongo anaourukia unapanda na kushuka?

Anayeruka

Mbio ziwe fupi, hatua tatu hadi tano. Mtoto anayetoka mbali huja na kasi asiyoweza kuitawala. Anapofika, miguu yote miwili ipige ardhi pamoja, si mmoja mmoja kama arukaye mtaro. Viganja viwekwe juu ya mgongo, kati ya mabega, vidole vikiwa vimetanuka. Kamwe visiwekwe shingoni, na visiwekwe kiunoni, pale mgongo ulipo mwembamba.

Hapo ndipo penye siri, na ndipo wengi wanapokosea. Mikono haimsukumi mwenzako mbele. Inasukuma chini, mara moja, kwa haraka kama mtu aliyegusa sufuria ya moto, kisha inaondoka. Mtoto anayeng'ang'ania mgongo ndiye anayeukalia. Macho yaelekee mbele, si chini. Miguu itanuke sana, magoti yakiwa karibu kunyooka, maana goti lililokunjwa kuelekea ndani ni nyundo. Kisha kutua kama tulivyosema: nyayo za mbele, magoti yakunjike, mikono mbele kwa usawa.

Ukitaka kumtia hamu mwanao, msimulie habari za Amos Biwott. Mwaka 1968, mjini Mexico, kijana huyu Mkenya aliingia katika mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Wenzake wote walikuwa wakitua ndani ya maji kama ilivyokuwa desturi. Yeye alikanyaga kizingiti, akajirusha, na kuvuka dimbwi zima, mara kwa mara, hata akamaliza na kutwaa dhahabu miguu yake ikiwa mikavu. Watazamaji walimcheka mwanzoni kwa mtindo wake. Kutoka hapo, kila Kenya iliposhiriki Olimpiki hadi mwaka 2016, dhahabu ya mbio hizo kwa wanaume ilikuja nyumbani.

Mchanga kwanza, mgongo baadaye

Usimwanzishe mtoto kwa mgongo wa mwenzake. Huo ndio ushauri wangu wa kwanza kwa mzazi anayetaka kufanya mazoezi nyumbani, iwe ni Buruburu, Mlolongo ama Machakos penyewe.

Aanze chini: achuchumae, aweke viganja ardhini mbele yake, aruke na kutua alipo, kisha aruke mbele. Siku mbili tatu za hivyo zinatosha kufundisha mikono na miguu kusikilizana. Halafu tafuta gunia la mkonge, lijaze majani makavu au nguo kuukuu, ulifunge imara, aliruke. Gunia halina shingo. Akikalia gunia, mnacheka wote na anarudia. Akiweza kulivuka mara kumi mfululizo bila kuligusa kwa makalio, hapo anaweza kumrukia mwenzake aliyepiga magoti na kujikunja kama kobe, paji la uso likiwa karibu na magoti na mikono imefunika kisogo. Mgongo wa aliyesimama na kuinama uje mwisho kabisa. Kwa watoto wengine itachukua wiki moja. Kwa wengine ni muhula mzima, na hakuna ubaya wowote.

Uwanja nao una neno lake. Anayezijua sehemu za Ukambani anajua kwamba ardhi ya mwezi Februari, kabla ya mvua za masika, haina tofauti na sakafu ya saruji. Magoti ya mtoto hayawezi kutua hapo mara hamsini kwa siku. Tumia nyasi, au lile shimo la mchanga la kuruka umbali, likiwa limepigwa jembe na kuondolewa mawe. Na hapa niseme jambo linaloniudhi. Malori kwa malori ya mchanga yametoka katika mito ya Machakos kwenda kujenga magorofa ya Nairobi, ilhali unaweza kuingia shule iliyo kando ya barabara hiyohiyo ukakuta shimo la kurukia limejaa magugu. Wazazi wa shule moja wakichanga pesa za lori moja tu, watoto wao watatua salama kwa miaka kadhaa.

Hesabu ya mbio za kupokezana

Sasa tuje kwenye mashindano yenyewe. Mtindo unaotumika sana ni wa watoto sita katika mstari. Wa nyuma anavuka migongo mitano, anainama mbele ya mstari, halafu aliye nyuma sasa anaanza, mpaka wote sita wapate zamu. Piga hesabu: sita mara tano ni miruko 30. Kikosi kinachopoteza nusu sekunde katika kila mruko kimepoteza sekunde 15. Hakuna mbio za watoto zinazoamuliwa kwa tofauti kubwa kama hiyo, kwa hiyo usimfokee yule aliyeteleza mara moja. Tazama zile nusu sekunde.

Zinapotelea wapi? Mara nyingi si kwenye kuruka bali kwenye kuinama. Mtoto anavuka mgongo wa tano, anageuka kuwatazama wenzake, anapanga fulana, anauliza "hapa?" na ndipo anainama. Kikosi kilichofanya mazoezi kinajua nafasi. Ukitua, piga hatua mbili, inama. Hatua mbili, inama. Rudieni hilo peke yake, bila kuruka chochote, hadi liwe kama wimbo.

Umbali kati ya mgongo na mgongo uwe kama mita tatu. Chini ya hapo, anayetua hana nafasi ya kujikusanya kabla ya mruko unaofuata, na ndipo anaporuka kwa mguu mmoja. Ukiuzidisha sana, mnakimbia badala ya kuruka.

Muulize pia mwalimu kuhusu kanuni. Zipo shule zinazoruhusu aliyerukwa ainuke mara moja na kumfuata mrukaji bila kungoja afike mwisho wa mstari. Ikiwa inaruhusiwa, kikosi kinaweza kuwa na warukaji wawili kwa wakati mmoja na kupunguza muda mwingi sana, ila waachane kwa migongo miwili. Wakikaribiana kuliko hapo, mmoja atamtua mwingine kichwani.

Panga watoto kwa kimo na uzito, usiwapange kwa urafiki. Mtoto wa kilo 45 asimrukie wa kilo 25, hata akiwa ndiye bingwa wa shule, kwa kuwa uzito wote unapita kwenye mikono yake kwenda kwenye uti wa mgongo wa mdogo. Hili likishindikana kwa sababu watoto ni wachache, wale wadogo wainame kwa mtindo wa kobe.

Na asiyetaka kuruka?

Kila darasa lina mtoto mnene ambaye kikosi hakimtaki, na msichana anayesimama pembeni akisema tumbo linamuuma. Mara nyingi tumbo haliumi. Amevaa sketi, na wavulana wamekaa upande ule wa uwanja wakingoja aruke. Dawa yake ni kaptura ndefu au suruali ya michezo. Mzazi, ipakie katika mkoba wake bila kungoja akuombe, maana hatakuomba. Shule nayo iwaruhusu wasichana wavae hivyo bila maneno.

Huyu mnene naye, mara nyingi ndiye anayeinama vizuri kuliko wote: hatikisiki. Mwalimu mwerevu humweka mgongo wa kwanza, pale warukaji wanapokuja na kasi, na huku anamfundisha kuruka gunia kwa mwendo wake mwenyewe. Ukimwacha nje umemnyima kile anachohitaji kuliko wenzake. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate angalau dakika 60 kwa siku za kuushughulisha mwili, na mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa angalau siku tatu kwa wiki. Kuruka ni dawa ya mifupa kwelikweli. Utafiti uliofanywa Oregon, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2001 uliwachukua watoto wa shule ya msingi wakaruka kutoka juu ya masanduku mara 100, siku tatu kwa wiki, kwa miezi saba. Mifupa ya nyonga na uti wa mgongo wao iliongezeka uzito kuliko ya wenzao walionyoosha viungo tu. (Tafadhali usimpandishe mwanao mezani kesho asubuhi. Hao walikuwa na wasimamizi.)

Ni kwa sababu hiyo inasikitisha kuona kipindi cha michezo kikimegwa. Kimo katika ratiba, lakini waulize watoto watakuambia walifanya hesabu. Mtaala wa Umilisi ulipoanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, watoto wa madarasa ya chini walipewa somo la mwendo na viungo lililosimama peke yake. Mabadiliko ya mwaka 2024 yakaliunganisha na sanaa na muziki kuwa somo moja. Sina ugomvi na uchoraji. Nachelea tu kwamba mwalimu aliyechoka, akipewa uchaguzi kati ya kalamu za rangi na uwanja wenye jua, atachagua kalamu za rangi.

Wako watoto ambao hawapaswi kuinama wala kuruka kabla daktari hajaulizwa: aliyevunjika mkono au mguu karibuni, mwenye kifafa, mwenye maumivu ya shingo au mgongo. Mwenye pumu anaweza kucheza, mradi kivutio chake cha dawa kiwe mkononi mwa mwalimu na si nyumbani kabatini. Usiseme "mwalimu anajua". Andika barua.

Na ikitokea mtoto ameangukia kichwa au shingo, akalalamika maumivu ya shingo, ganzi mikononi au kushindwa kusogeza miguu, asiinuliwe na mtu yeyote. Asivutwe mikono, asikalishwe, asipewe maji "apate nguvu". Alale hapohapo alivyoanguka, mtu mzima ashike kichwa chake kisitikisike, mwingine atafute gari la wagonjwa. Kwa walio mjini Machakos, hospitali ya Level 5 haiko mbali. Aliyepoteza fahamu, hata kwa muda mfupi, au anayetapika baada ya kugonga kichwa, aonwe na daktari siku hiyohiyo hata kama anasema amepona na anataka kurudi mstarini kumalizia zamu yake.

Kabla ya siku yenyewe, nenda shuleni jioni moja ukanyage uwanja kwa miguu yako. Ukikuta mawe, okota. Ukikuta ni mgumu, mwombe mwalimu ahamishie mbio za chura upande wenye nyasi na kuwaachia wavuta kamba ule wa vumbi. Wao hawajali.